Makaburi Niliyoyajenga kwa Mabanzi

Jumanne, katikati ya Novemba. Mawingu tangu alfajiri, mvua hakuna. Joto la kubandika nguo mgongoni.

Nimekaa kibarazani kwa dada yangu hapa Bagamoyo. Adhana ya magharibi imemalizika sasa hivi, na vidole vyangu vimeparara kwa saruji ingawa nimenawa mara tatu. Naandika haraka kabla kichwa hakijaanza kuipamba habari hii. Najijua. Nikilala nayo, kesho nitakuwa nimejifanya mtu mwema ndani yake.

Leo nimesema kweli mbele ya watu, na sijui kama nimemsaidia mama wa watu au nimemmaliza.

Kwa ambaye hajawahi kunisoma: naitwa Saumu, na kazi yangu ni kutengeneza mandhari na vifaa vya filamu za wanafunzi. Nilisoma sanaa hapahapa mjini, nikamaliza, sikuondoka. Mwanafunzi akiwa na hadithi na kamera ya kuazima na hana kitu kingine, huja kwangu. Nimeshageuza stoo ya viti kuwa chumba cha wagonjwa mahututi kwa mashuka mawili na kamba ya kuanikia. Nimetengeneza bastola kwa bomba la maji. Kuna mtu alilia kwenye kiti cha gari ambalo halikuwepo, palikuwa na mlango mmoja tu niliouokota gereji.

Lakini raha yangu kubwa ni kuzeesha. Nipe kitu kilichotoka dukani jana, baada ya siku mbili utaapa kuwa bibi yako alikirithi kwa bibi yake. Masizi, majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi, matofali ya kusugulia, maziwa ya mgando ninayoyapaka ili kuvu ya kijani iote. Watu husema nina mikono. Nami huwa napenda sana kuambiwa hivyo.

Filamu hii ni ya Fadhili, yuko mwaka wa mwisho. Inamhusu mtu aliyekaa ughaibuni miaka mingi, anarudi nyumbani, hamkuti mtu. Mwisho kabisa anapiga magoti mbele ya makaburi mawili, la baba na la mama. Makaburi ya kweli hatukutaka kuyagusa, si Fadhili wala mimi. Nikamwambia atafute eneo lenye vichaka, makaburi nitajenga.

Eneo nililipata mimi mwenyewe, Mapinga, kwa Bi Mwajuma.

Nilimkuta kando ya lami anauza mihogo aliyoing'oa asubuhi. Mjane, amevuka sitini, mwembamba, ana macho yanayokutazama mpaka umalize sentensi. Shamba lake liko ndani, ukishapita viwanja vya watu wa mjini vyenye bikoni, zile nguzo za mipaka. Mumewe alirithi kwa baba yake, naye amebaki nalo baada ya mumewe kufariki. Majirani zake wengi wameuza. Yeye hajauza.

Nilimwamkia, nikanunua mihogo, nikamweleza shida yetu. Tunatafuta mahali panapofaa kuwekwa makaburi ya zamani, ya kuigizia tu.

Akasema, "Mahali pa makaburi ninapo, mwanangu. Makaburi ndiyo sina."

Ndipo akanisimulia. Mwaka jana alikwenda Vigwaza kumuuguza dada yake, akakaa huko miezi miwili. Aliporudi alikuta trekta limepita. Kuna kampuni imenunua upande wa pili, wanakata viwanja, na wanasema mpaka wao unaingia ndani ya shamba lake. Trekta lilisafisha mikorosho, likasafisha na makaburi matatu: la baba mkwe wake, la mama mkwe wake, na la mwanawe wa kwanza, Hamisi, aliyeishi siku tisa. Kesi iko baraza la kata. Kampuni inasema pale hapajawahi kuzikwa mtu. Naye hana cha kuwaonyesha.

Nilimwambia pole. Niliisema kama tunavyosema pole kwa mtu aliyejikwaa. Macho yangu yalikuwa yanaangalia jua linaingilia upande gani.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alinipeleka. Alisimama kwenye ile ardhi iliyosawazishwa akaniambia, kichwa cha baba kilikuwa hapa, miguu pale. Mama, hapa. Akasogea hatua mbili. Hamisi, hapa. Udongo ulikuwa na madoa meupe ya chokaa iliyosagwa, sehemu tatu, na katikati ya doa la Hamisi palikuwa na vigae vya bakuli la kaure, vyeupe vyenye maua ya buluu. Wazee wa huku walikuwa wakipachika bakuli kwenye chokaa ya kaburi. Trekta lilikuwa limelivunja na kuvishindilia vipande vyake ardhini.

Nilipiga picha kila kitu kwa simu. Huwa nafanya hivyo kila mahali kabla sijagusa chochote, nipate rangi ya udongo na nijue namna ya kuparudisha pakawa kama nilivyopakuta.

Halafu nikafanya jambo ambalo leo limenisumbua siku nzima.

Niliviokota. Vigae vyote, na mabonge ya chokaa yaliyobaki, nikaviweka ndani ya ndoo. Bi Mwajuma alikuwa barabarani na mihogo yake, sikumwuliza. Nilijiambia kigae cha kutengeneza hakiwezi kufanana na kigae kilicholala udongoni miaka arobaini. Ni kweli, hakiwezi. Kwa hiyo vitu pekee vilivyobaki duniani kuonyesha kwamba mtoto yule alizikwa, mimi nilivichukua kuwa mapambo.

Kazi ilinichukua siku sita, palepale aliponionyesha. Fremu ya mabanzi na mbao za masanduku ya nyanya, juu yake waya wa kuku, juu ya waya magunia niliyoyachovya kwenye uji wa saruji. Saruji ikiwa bado mbichi nikapachika vile vigae. Halafu chokaa, masizi, chai, maziwa. Mashahidi, zile nguzo mbili za kichwani na miguuni, niliyachonga kwa mti mkavu nikayachoma moto kidogo na kuyasugua.

Siku ya nne Bi Mwajuma alikuja kunitazama. Aliniletea chai ya tangawizi. Akasimama nyuma yangu muda mrefu.

"Na lile dogo je, mwanangu?"

Nikamwambia hadithi ina makaburi mawili tu.

"Najua," akasema, akaenda kunichotea maji.

Kesho yake nilijenga la tatu, dogo, nikapachika na humo vigae nilivyobakiza. Fadhili alipouliza nikamwambia matatu yanajaza picha vizuri zaidi. Uongo wangu wa kwanza ulikuwa huo, na niliusema nikiwa nasafisha brashi, sikuinua hata kichwa.

Nilijua. Nusu yangu ilijua tangu siku ile kwamba yule mama hakuwa anaagiza kitu cha filamu.

Ijumaa nilimaliza. Alikuja baada ya sala amevaa khanga safi, akasimama mbele ya yale makaburi, akanyanyua mikono, akasoma Fatiha. Machozi yakamtoka bila sauti. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimesimama kando nimefurahi. Nilijisemea moyoni, nimeweza.

Kushuti kulipangwa leo. Jana mchana akanipigia simu. Watu wa baraza wanakuja kesho saa nne asubuhi kukagua eneo. Sisi tuje na kamera zetu baadaye kidogo.

"Na yale usiyaguse," akasema. Nikasikia kuku nyuma yake. "Wakikuuliza, wewe hujui kitu."

Nilimpigia Fadhili. Aliwaza kidogo tu. "Dada Saumu, kausha tu, usiseme kitu. Bibi kadhulumiwa. Makaburi yalikuwepo, trekta likayang'oa, wewe umeyarudisha. Kosa liko wapi? Nusu saa tu wakague, waondoke, sisi tushuti."

Mpaka sasa silioni jibu rahisi. Usiku nilijigeuza nikijiambia maneno yaleyale: makaburi ni ya kweli, waliolala hapo ni wa kweli, kilicho bandia ni mbao tu.

Asubuhi nilifika mapema kuliko wote. Nilijidanganya kwamba naenda kurekebisha rangi.

Walikuja kwa miguu kutoka barabarani. Wajumbe watano, mmoja wao mwenyekiti aliyetangulia mbele, Mzee Shomari, mrefu, miwani imefungwa uzi sikioni. Katibu, mama mmoja wa makamo mwenye daftari kubwa. Nyuma yao Bwana Mrisho, msimamizi wa kampuni ya viwanja, ameshika kipande cha nondo anachotumia kutafutia bikoni kwenye majani. Bi Mwajuma alikuwa anawasubiri shambani. Fadhili na wenzake wawili walikuwa wameshakuja, wamekaa mbali kidogo chini ya mkorosho uliosalia, kamera begani.

Mrisho alipoyaona makaburi alisimama ghafla. Niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu anayekuta sebuleni kwake kitu alichokwisha kukitupa. Siwezi kulithibitisha hilo mbele ya mtu yeyote, lakini nililiona.

"Haya yametoka wapi?" akasema. "Mimi nimepita hapa mara kumi."

"Ulikuwa unapita ukitazama nini?" Bi Mwajuma akamjibu. Sikuwahi kuisikia sauti yake ikiwa ngumu vile.

Mzee Shomari alisogea karibu na makaburi. Alivua viatu. Wajumbe wenzake nao wakavua.

"Tuwaombee kwanza waliolala hapa," akasema.

Wakanyanyua mikono. Watu wazima sita, na Bi Mwajuma wa saba, vichwa chini, wanasoma Fatiha kwa sauti ya pamoja, na mbele yao masanduku ya nyanya niliyoyapigilia misumari mwenyewe. Nilinyanyua mikono na mimi. Kinywa kilikataa kufunguka.

Walipomaliza, mwenyekiti alipangusa uso, akamgeukia katibu.

"Andika. Makaburi matatu. Ya zamani. Yapo."

Katibu akafungua daftari. Hapohapo Mrisho akaanza kusogea na nondo yake, anaelekea kaburi la baba mkwe.

"Mwenyekiti," nikasema, "naomba usiandike."

Nimejiuliza kutwa nzima. Nilisema kwa sababu haikuwa haki, au kwa sababu niliona ile nondo inakaribia na nikajua nikichelewa sekunde chache tutaumbuka sote? Ningependa kuandika hapa kuwa ilikuwa ni dhamiri. Sina hakika.

Wote walinigeukia. Mzee Shomari akaniuliza mimi ni nani.

"Naitwa Saumu. Natengeneza vitu vya filamu. Haya makaburi nimeyatengeneza mimi, wiki hii iliyopita. Ni mabanzi na magunia."

Mrisho alinyanyua nondo akagonga. Kaburi likatoa mlio wa sanduku.

Katibu alijiziba mdomo. Mjumbe mmoja, mzee mwenye kanzu, alianza kufuta viganja vyake kwenye nguo, taratibu, kama mtu aliyeshika uchafu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kuliko kelele za Mrisho zilizofuata. Maana Mrisho alicheka, kisha akapiga kelele: huu ni ughushi, iandikwe hivyohivyo, polisi waitwe, mama huyu na huyu binti wake waende wakaeleze vizuri. Fadhili alikuja akanishika mkono, ananivuta nyuma, ananong'ona, basi dada, basi, inatosha.

Bi Mwajuma alikaa chini, pale pale kwenye mchanga, miguu ameinyoosha. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemkaribisha nyumbani ukagundua hukumwuliza jina.

"Bi Mwajuma, ni kweli?" mwenyekiti akauliza.

Alipangusa mchanga miguuni.

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Ni ya filamu ya hawa vijana."

"Yote matatu?"

Swali hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko yote. Ningesema ndiyo, Bi Mwajuma angebaki kuwa mama tu aliyeazima watu shamba lake. Labda angekaripiwa yakaisha. Lakini ningesema ndiyo, Hamisi angekuwa kifaa cha filamu, hajazaliwa, hakuishi hata hizo siku tisa. Nilimtazama mama yake. Alifumba macho. Sijui alikuwa ananiruhusu au ananikataza.

"Mawili ni ya filamu," nikasema. "Hili dogo ni la mwanawe. Alinionyesha alipolazwa, nami nikajenga palepale."

"Alikuonyesha vipi, na hapakuwa na kitu?"

"Palikuwa na kitu."

Nikatoa simu. Nikakosea namba ya siri mara mbili. Nikamfungulia picha za siku ya kwanza: udongo uliosawazishwa, nyayo za trekta, madoa matatu ya chokaa, vigae vya maua ya buluu vimelala kama nilivyovikuta. Na ikabidi niseme lililobaki, kwamba vigae hivyo havipo tena ardhini kwa sababu nilivichukua, na nilikovipeleka ni pale wanapopaona, kwenye saruji yangu.

Bi Mwajuma alifumbua macho. Hilo hakuwa analijua. Alidhani nilivinunua, au nilivitoa kwangu. Alikuwa ameyasomea dua makaburi yangu bila kujua kuwa vipande vya kweli vilikuwa ndani yake.

Mzee Shomari alishika simu karibu kabisa na miwani. Alipitisha picha moja moja. Kisha akachuchumaa kwenye kaburi dogo, akaweka kidole kwenye kigae chenye nusu ya ua, akatazama simu, akatazama kigae, akatazama tena simu.

"Mwenyekiti," Mrisho akasema, safari hii kwa utulivu, "mtu anayeweza kutengeneza kaburi hashindwi kutengeneza picha."

Mimi ndiye niliyepaswa kumjibu, nikaishia kuitazama mikono yangu. Kila sifa niliyowahi kupewa kwa mikono hii ilikuwa imegeuka kuwa sababu ya kutoniamini. Mtu mwingine yeyote angezipiga picha zile, zingekuwa picha. Nimezipiga mimi, kwa hiyo zina shaka.

Mwenyekiti alisimama kwa shida, goti likalia.

"Umetuombesha dua kwenye mbao," akaniambia. Hakupaza sauti. Kisha akamgeukia Bi Mwajuma. "Na wewe umeniaibisha, mwanamke. Nakujua tangu ulipoolewa hapa. Ungeniambia huna kitu, ningekusikiliza ukiwa huna kitu."

Bi Mwajuma aliinamisha kichwa.

"Kesi haijafa," mwenyekiti akasema, "lakini leo mmeiumiza."

Aliamua hivi. Baada ya wiki mbili baraza litakaa tena. Walioshiriki mazishi yale, kama wapo walio hai, waletwe. Mimi nije kama shahidi, na simu, na picha zilizochapishwa. Vigae nivibandue kimoja kimoja, nivisafishe, nivilete vyote. Pale shambani asiguse mtu, wa kampuni wala wa Bi Mwajuma, wala isipigwe filamu ya aina yoyote. Na mbao ziondoke leo, yeye akiwa anaona. Mrisho alisema bosi wake atalalamika juu zaidi. Mwenyekiti akamwambia ana haki hiyo, kisha akamwuliza kama dereva wa trekta naye angeweza kuletwa siku hiyo. Mrisho alisema dereva alishaacha kazi. Katibu akaandika hilo.

Vijana wawili wa Fadhili walinyanyua kaburi la baba mkwe kama watu wanaohamisha kitanda. Halafu la mama. Lile dogo nililibeba mwenyewe. Lilikuwa jepesi, nikalikumbatia kifuani, nikatembea nalo mpaka uani kwa Bi Mwajuma, hatua kama mia hivi. Katika maisha yangu sijawahi kutembea safari ndefu kama ile.

Fadhili alikuwa anafunga kamera bila kunitazama. Alibakiwa na onyesho moja tu. Kazi yake inatakiwa chuoni mwisho wa mwezi, na onyesho lenyewe ndilo lililobeba filamu nzima.

"Umeniua, dada," akasema. "Wallahi umeniua."

Nikamwambia nitamjengea mengine, mahali pengine, hata yakiwa mabaya kidogo. Akaniuliza kama kweli nitakwenda kutoa ushahidi, mbele ya watu, na jina la filamu yake litajwe kwenye kesi ya ardhi. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi jina langu asiliweke. Simlaumu. Ana miaka ishirini na mitatu na ameitunza hadithi ile kama yai. Waliondoka kwa pikipiki, nikabaki.

Nilikaa chini uani nikaanza kubandua vigae kwa kijiko na ncha ya kisu. Saruji niliyoichanganya vizuri kwa kiburi changu ilikuwa imeshika kweli kweli. Bi Mwajuma alikuwa ndani. Nilimsikia anatembea, anafungua kabati, anafunga. Adhuhuri ikapita. Nikabandua, nikasugua, nikapanga kwenye gazeti. Kigae kimoja kilinivunjikia mkononi, cha ukubwa wa ukucha, nikakaa nacho nikilia kama mjinga. Kilivunjwa na trekta, nikakivunja tena mimi.

Alasiri alitoka. Alikuwa na bakuli la maji na kitambaa. Alikaa mkekani mbele yangu, akachukua kigae cha kwanza akakiosha. Akakitazama. Akakiweka kando. Akachukua cha pili.

"Nisamehe, Bi Mwajuma," nikasema.

Aliendelea kuosha. Baadaye sana, akiwa ameshika kile chenye nusu ya ua, akasema, "Bakuli hili lilikuwa la harusi yangu. Mama mkwe ndiye aliyelitoa makusudi lipachikwe siku ya kumzika Hamisi, akasema vizuri vyote tusijiwekee sisi." Akapangusa maji. "Wengine waliobeba jeneza wamekufa. Lakini aliyechimba yupo Chalinze. Sijui kama anakumbuka. Kesho nitakwenda."

Nikamwambia nitakwenda naye. Akachukua kigae kingine.

Tulimaliza vyote. Vigae kumi na saba na kile kilichovunjika. Alivifunga ndani ya kitambaa, akanikabidhi mimi badala ya kubaki navyo. Nikashangaa, nikamwambia vikae kwake, ni vyake. Akasema mwenyekiti ameniagiza mimi, kwa hiyo nivilete mimi, Mrisho asije akasema vimebadilishwa nyumbani kwake.

Nilipokuwa naaga, nimeshainama kuvaa viatu, nikasema, "Shikamoo, Bi Mwajuma, mimi nakwenda."

"Marahaba." Nikafika mlangoni ndipo akaniita. "Wewe Saumu."

Nikageuka. Alikuwa ananipima kwa macho, kuanzia kichwani mpaka kwenye suruali yangu ya jinsi iliyojaa chokaa.

"Siku ya baraza usije hivyo. Vaa baibui, na mtandio wa kufunika mpaka hapa." Akajigusa kifuani. "Ukisimama kunisemea mimi, wasipate la kukushikia."

Sina baibui. Dada yangu analo moja, fupi kwangu. Kesho, kabla ya Chalinze, napita sokoni.